Prof wa Viti Sita

Watu wa kwetu wakitaka kukueleza mtu alivyo, huanza na anachouza. Prof wetu, yaani mwalimu wetu wa kemia sekondari, hakuuza kitu, ndiyo maana wengi walishindwa waanzie wapi. Mimi naanzia kwenye tai. Ilikuwa tai ya rangi ya kahawia, pana kama ulimi wa ng'ombe, na aliivaa kila siku ya Mungu pamoja na buti za mpira. Juu alikuwa mtu wa ofisi, chini alikuwa mtu wa shamba. Ukimcheka alikuambia kwamba tai ni heshima kwa somo, na buti ni heshima kwa matope ya Beni, na kwamba yeye hapendi kumkosea mtu yeyote.

Serikali ndiyo iliyomtuma kwetu kutoka Kasai, katikati ya Kongo, na shule yetu ilikuwa katika mtaa wa Beu, mjini Beni. Asubuhi yake ya kwanza aliingia darasani, akasimama wima, akatusalimia kwa lugha ya kwao: "Moyo wenu." Kwao hiyo ni salamu tu, kama mtu anavyosema hujambo. Sisi tulielewa kwamba anauliza habari za mioyo yetu. Tulitazamana. Prof gani huyu anayeanza na moyo? Basi mkubwa wa darasa akasimama, kwa adabu zake zote, akajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndiyo" hutamkwa "njo": "Mioyo yetu iko muzuri, Prof. Tumbo tu njo iko na njaa."

Mtu mwingine angetusahihisha. Yeye alicheka mpaka akaegemea ubao, suti yote ikajaa chaki, na tangu siku ile hakuacha kutuuliza habari za mioyo. Ikawa desturi. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi tulijibu. Halafu zikaja zile nyakati ambazo mtu wa Beni hahitaji kuelezwa, nyakati za mashambulizi, za kuamka na kusikia ni mtaa gani umelia usiku. Kuna asubuhi mwanafunzi mmoja alijibu peke yake, kwa sauti ndogo: "Wangu hapana muzuri, Prof." Prof hakumuuliza kitu. Alimwonyesha benchi la dirishani, akamwacha aangalie nje somo zima bila kuitwa ubaoni. Baada ya hapo kila mtu alijua benchi lile ni la nani. Niliwahi kulikalia, na hadi leo namshukuru kwa kutoniuliza.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana bila kazi yake ungebaki na mtu wa tai tu. Darasa la sita la kemia lilikuwa na sura moja iliyotisha wote, kloridi za asaili, yaani chlorures d'acyle, zenye pete ya benzeni. Jina lenyewe linachosha. Waalimu wengine waliandika ubaoni, wakafuta, wakaenda zao. Yeye alitutoa nje na viti sita vya plastiki. Akavipanga duara. Sisi sita tukakaa, kila mmoja kaboni moja, tumeshikana mikono. Nyuma ya kiti cha kwanza akaweka bidoni, dumu la njano la maji: hiyo ndiyo kikundi cha kloridi chenyewe, kaboni iliyoshika oksijeni kwa mikono miwili, na klorini kwa mkono mmoja. Halafu akavua kofia yake ya sufu. Kofia ilikuwa metili, kaboni moja na hidrojeni zake tatu. "Bidoni inabakia pale," alisema. "Kofia njo inatembea."

Akamvika kofia jirani wa kiti cha bidoni. Hiyo ni ortho. Akaivua, akamruka huyo, akamvika anayefuata. Hiyo ni meta. Akaivua tena, akamvika yule anayetazamana na bidoni, ng'ambo ya duara. Hiyo ni para. Watu ni walewale, bidoni ni ileile, kofia ni moja. Lakini kila mara umepata kitu kingine, kloridi ya toluoili yenye jina lake na tabia yake. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama kuangalia. Mama mmoja muuza mihogo aliuliza kama ni mchezo wa kanisa.

Alikuwa na maneno yake ya kufundishia, na mengine yalitoka nje ya shule yakaanza kutembea mitaani. Ortho, alisema, ni jirani wa ukuta mmoja: ukikohoa anasikia, na ukitaka kutoka mlangoni unamkanyaga, ndiyo maana pale mambo yanaenda polepole. Para ni jirani wa ng'ambo ya barabara: mnapungiana mkono, hamgombani kamwe. Meta ni yule wa nyumba ya pili, ambaye humjui sana, na siku ya shida ndiye anayekuja. Alipenda meta kuliko wote. Alitueleza kwamba dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu inatengenezwa kutokana na kloridi ya toluoili ya meta, na kwamba zile ndugu zake mbili hazifukuzi mbu vizuri hivyo. Nadhani alijipenda mwenyewe pale. Yeye pia alikuwa mtu wa nyumba ya pili kwetu.

Kuhusu klorini alikuwa na neno moja ambalo sitalisahau. Tulimuuliza kwa nini ndiyo inayotoka haraka pale kikundi kinapokutana na maji au pombe au kemikali iitwayo amine. Akasema: "Chlore pale ni mutu mwenye kulala na viatu." Hakuna aliyeuliza tena. Wote tulikuwa tumewahi kulala na viatu, tayari kukimbia.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mkaidi, na midomo yake ilikuwa mirefu kwa habari za chakula. Miaka yote aliyoishi kwetu hakuisamehe fufu yetu, ugali wa mihogo. Alidai mtu mwenye akili huchanganya unga wa mahindi, kama kwao, na kila alipokaribishwa mezani alilalamika kwanza, kisha akala akamaliza, kisha akaomba nyongeza. Kwa Kinande, lugha ya kwetu, alijua neno moja tu, wasingya, yaani asante, na alilitumia kwa kila kitu: kusalimia, kuaga, hata kumfukuza mbwa. Alikataza umbea darasani, lakini jioni ungemkuta kwenye kibanda cha kasiksi amekaa na wazee, glasi ya pombe ya ndizi mkononi, akiuliza ni nani aliyemkimbia mumewe. Nilipomkumbusha siku moja, alisema darasani anafundisha, pale anajifunza.

Na alikuwa mwoga wa pikipiki. Mwanaume aliyekaa na risasi zikilia bila kuangusha chaki, alipopanda pikipiki alimkumbatia dereva kama mtoto mgongoni mwa mama yake, macho amefumba, rozari mkononi. Madereva wa mtaa wa Mulekera walimjua. Waligombania kumbeba, si kwa ajili ya nauli, bali kwa ajili ya kusimulia.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomuuma, na nilikigundua kwa sababu ya mkaguzi. Mkaguzi alikuja siku ya viti sita. Aliangalia duara lote, bidoni, kofia, akacheka kidogo, kisha akauliza mbele yetu: "Prof, wewe mwenyewe uliisha kuiona hii chlorure de toluoyle?"

Prof akasema hapana. Kabati la shule lilikuwa na mitungi mitupu. Hata kule alikosomea, maabara ilikuwa na meza nzuri na hakuna cha kuweka juu yake. Kwetu kulikuwa na chupa moja iliyoandikwa kloridi ya benzoili, na ndani yake alikuwa anatunza vipande vya chaki.

"Donc unawafundisha hadithi," mkaguzi akasema.

"Bwana inspecteur," Prof akajibu, "na padri naye hajaona mbingu. Lakini kila dimanche anahubiri, na wewe unaenda."

Tulipiga makofi kwa furaha. Mkaguzi mwenyewe alilazimika kucheka. Jibu lile lilizunguka Beni nzima, na watu walilitumia hata kwenye mambo yasiyohusu kemia. Lakini mimi nilibaki kupanga viti, na nilimkuta Prof ameketi kwenye kile cha para, kofia kichwani, hacheki. Aliniambia bila kunitazama kwamba mkaguzi alikuwa na haki. Alikuwa ameshafundisha watoto wengi kitu ambacho hakujua kama kinafanana na maji au na asali au na moshi. "Ninataka kuiona siku moja," alisema. "Hata chupa tu. Sipendi nikufe muongo."

Nilikuwa na umri wa kucheka kila kitu, lakini sikucheka.

Sasa kisa cha Kavira, ambacho wote walionijua shuleni wananidai kila nikifungua mdomo. Kavira alikuwa rafiki yangu na jirani yangu wa benchi. Mkesha wa mtihani wa taifa, mchana, alikuwa amekaa kando ya barabara ya Mulekera, karibu na kizuizi cha askari, kwa sababu pale ndipo simu yake ilipokuwa inapata mtandao. Tulikuwa tunaulizana maswali. Mimi nilikuwa nyumbani Beu. Nikamuuliza ya ortho, akajibu. Nikamuuliza ya para. Kavira ana sauti ya kuitia mbuzi. Akapiga kelele simuni: "Position ya para? Ni quatre! Iko mbele kabisa ya groupe!"

Kwetu, ukisema para, kila mtoto anajua unasema komando wa miamvuli. Na siku zile walikuwa kweli wametumwa upande wetu. Msichana wa watu amekaa kando ya kizuizi, anampa mtu simuni mahali walipo komando, na idadi yao, wanne. Nilisikia sauti ya mwanaume ikimwambia alete simu. Kisha simu ikakatika.

Nilikimbia kwa Prof. Kesho yake ndiyo ulikuwa mtihani, na anayekosa mtihani ule hurudia mwaka mzima. Kavira alikuwa yatima, na shangazi yake alikuwa ameshasema hana mwaka mwingine wa kumpa. Prof alikuwa anafua. Alivaa tai juu ya shati lililolowa, akaita pikipiki mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na tukaenda watatu, yeye katikati, akisali kwa sauti.

Kule kizuizini Kavira alikuwa amekaa chini, analia kimyakimya. Kapiteni alikuwa kijana mchovu wa jimbo la Equateur. Prof alimsalimia kwa Lingala, akaomba ruhusa. Nilidhani ataomba msamaha. Badala yake aliokota kijiti akachora pete ya pembe sita mavumbini, akaanza kufundisha. Alieleza kila pembe. Alimuita askari mmoja awe bidoni. Aliweka kofia ya askari mwingine kwenye pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Wale askari walisogea, bunduki begani, wakainama kuangalia. Mmoja akauliza kama ile ya tatu nayo ina jina. Prof akasema ina jina, na ni nzuri kwa mbu. Hapo wakasogea zaidi, maana mbu wa pale walikuwa wamewamaliza.

Kapiteni alisikiliza mpaka mwisho. "Donc para hapana askari," alisema.

"Hapana, mon capitaine. Para ni mwenye kukaa ngambo yako ku meza."

"Na sisi paras, tunakaa wapi?"

"Ile," Prof akasema, "mimi sitaki kujua hata kidogo."

Kapiteni alicheka, na kicheko kile ndicho kilichotupeleka nyumbani. Alimrudishia Kavira simu yake na kumwambia asome ndani ya nyumba. Kavira aliandika mtihani, akafaulu, sasa ni mkunga kule Mutwanga na ana watoto wake. Prof aliporudi alitapika kando ya barabara. Alisema ni kwa sababu ya pikipiki. Sisi hatukubishana naye.

Mimi nilifuata kemia kwa sababu yake, naweza kulisema bila aibu. Nilisoma, nikarudi, nikapata kazi ya maabara kwenye chuo kikuu hapa Butembo. Kazi yetu ni ya kuunga na kuazima kama zote, lakini mwaka jana tulipokea masanduku ya zawadi kutoka chuo kimoja cha nje, yakapitia mpakani Kasindi, yakakaa forodha mpaka tukayasahau. Nilipoyafungua nilikuta glasi zilizopasuka, vitabu vilivyolowa, na kwenye kona, ndani ya maranda ya mbao, chupa tatu ndogo za kahawia. Nilisoma maandishi. Kloridi ya toluoili: ortho, meta, para. Nilikaa chini sakafuni.

Prof alikuwa amestaafu. Binti yake alikuwa amemwita Kananga, kwao Kasai, akakae na wajukuu, na tiketi ya ndege ilikuwa imeshakatwa. Nilimpigia simu nikamwambia tu kwamba nina kitu cha kumwonyesha kabla hajaondoka. Hakuuliza ni nini. Aliuliza tu, "Njo ile?" Nikasema ndiyo. Barabara ilikuwa imetulia juma lile. Kesho yake alifika Butembo nyuma ya pikipiki, mweupe wa vumbi, rozari imezungushwa kwenye kidole, na tai shingoni.

Alikuwa amezeeka. Alipanda ngazi kwa kupumzika. Nilizipanga chupa tatu mezani, kila moja kwenye sahani yake, pamoja na mirija ya glasi niliyokuwa nimeitia kidogo cha kila moja na kuiziba kabla hajafika. Alichukua wa kwanza akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu. Akaishika yote pamoja.

"Zote ni maji," alisema.

Nikasema ndiyo, kwa macho hazitofautiani. Ukitaka kuzitofautisha lazima uzigeuze kuwa kitu kingine, kigumu, upime kinayeyuka kwenye joto gani. Alicheka kidogo. Alisema kuna wanafunzi waliomlalamikia miaka yote kwamba vitu vitatu ni kimoja, na kumbe hawakukosea sana. Kisha akasema: "Fungua."

Sikutaka. Umeme ulikuwa umekatika na kabati la kuvuta hewa lilikuwa limelala. Lakini huwezi kumwambia mtu hapana baada ya maisha mazima. Nilivaa glavu, nikampa miwani, nikafungua dirisha lote, nikasimama upande wa upepo, nikafungua ule wa meta. Moshi mwembamba mweupe ulitoka ukikutana na unyevu wa Butembo. Harufu ikatufika. Mwenzangu wa maabara akatoka nje akikohoa. Mimi nikaziba mara moja, lakini macho yalikuwa yameshajaa, na yake pia, miwani au bila miwani. Machozi yalimtiririka hadi kwenye tai.

Nilimwambia twende nje. Hakusogea.

"Inaliza?" aliuliza.

"Njo vile, Prof. Zote tatu zinaliza."

"Na wewe ulijua?"

Nilijua. Ni jambo la kwanza mtu kuambiwa siku ya kwanza anapozishika. Lakini hakuna hata kitabu chake kimoja kilichokuwa kimeandika hivyo, au kama kilikuwepo, ukurasa ule haukufika Beni. Aliketi. Alijifuta kwa ncha ya tai. Nilidhani amefurahi, na alikuwa amefurahi, nilimwona. Lakini kulikuwa na kitu kingine usoni mwake kilichonitia hofu.

"Niliwaambia yote," alisema. "Jirani, kofia, viatu. Na sikuwaambia kama inaliza."

Nilimwambia si kitu. Nilimwambia hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuumia kwa hilo. Hakunisikia. Alitaka kujua kama darasa la sita bado lina somo la kemia siku ya pili yake, na kama pikipiki yake ilikuwa bado iko chini.

Nilimsindikiza, kwa sababu nilikuwa nimepanga kumuaga kwenye uwanja wa ndege wa Beni hata hivyo. Shuleni Beu tulimkuta prof mpya, mmoja wa wale waliomaliza nyuma yangu, na alipomwona Prof wetu mlangoni alimpa chaki. Watoto hawakumjua. Waliona mzee wa buti na tai. Aliwauliza habari za mioyo yao, wakajibu wote pamoja kwamba iko muzuri, maana desturi ile ilikuwa imebaki kumbe. Akachora pete ya pembe sita. Pete ilikuwa sawa. Akaweka kikundi mahali pake, na metili mara tatu.

"Batoto," alisema, "hii mambo prof wenu ataeleza muzuri kunishinda. Mimi nimekuja kwa neno moja tu, lenye nilisahau kuambia bakubwa wenu. Ukifungua hii kitu, unalia. Hata kama hauna huzuni."

Wengine waliandika. Msichana mmoja wa benchi la mbele, mwenye kalamu mdomoni, aliinua mkono.

"Prof, na wewe ulilia?"

"Nililia," alisema. "Nililia sana." Na alikuwa amenyooka mbele ya ubao, kidevu juu, kama mtu anayesomewa jina lake kati ya waliofaulu.